Kukompaili programu za sayansi: kompaila haina shida, shida ni vipande kupatana

"Kaka, imekataa tena." Hiyo meseji iliingia saa nne usiku. Kijana anasoma mambo ya hali ya hewa hapa Kampala, siku tatu nzima alikuwa anapigana na WRF, ile modeli ya hali ya hewa kutoka NCAR kule Marekani, anataka kuangalia mvua za radi zinazoanzia Ziwa Victoria. Picha aliyotuma ilikuwa imejaa maandishi mekundu lakini mstari wa maana ulikuwa mmoja tu, programu inatafuta faili inaitwa libgfortran.so.3 na haiioni. Nikamuuliza, hiyo netCDF (ndiyo inayosomea na kuandikia WRF mafaili ya data) umeitoa wapi? Akasema ni ya rafiki yake, alimkopia kwenye flashi. Nikacheka, si kwa ubaya, mi mwenyewe nimeshafanya hiyo tena nikiwa mkubwa kuliko yeye.

Sasa kwa sababu haya maswali nayapata kila muhula, wacha niyaandike mara moja: kwa nini vipande havipatani, na jinsi mifumo ya kujenga kama EasyBuild inavyovipatanisha.

Programu nyingi za sayansi zinakuja zikiwa maandishi, mafaili ya C, C++ na Fortran, ndio Fortran, lugha ya 1957 na mpaka leo inabeba modeli kubwa za hali ya hewa bila kulalamika. Prosesa haisomi hayo maandishi. Kompaila inachukua faili moja moja inaligeuza kuwa lugha ya mashine, afu inakuja linka inashonanisha vipande vyote viwe programu moja. Hapo watu wengi wanaelewa. Wanapopotea ni kwenye maktaba, yaani kodi (maandishi ya programu) ya watu wengine ambayo programu yako inaiazima badala ya kuandika upya. WRF haihangaiki kujua faili la data linaandikwaje kwenye diski, inamwachia netCDF-Fortran. Huyo naye ni mkalimani tu, anaita netCDF ya C, na hiyo ya C ikitaka kuandika faili za aina ya netCDF-4 inaita HDF5, HDF5 ikitaka kubana data inaita zlib, alafu pembeni kuna MPI ndo inayofanya prosesa nyingi ziongee. We umeomba programu moja kumbe umealika ukoo mzima. Na ukikuta maelekezo ya zamani yanasema sakinisha netCDF tu inatosha, usishangae, zamani ya C na ya Fortran zilikuwa zinakuja kwenye mfuko mmoja, kuanzia toleo la 4.2 zikatenganishwa, lakini WRF yenyewe bado inapenda kuzikuta zimekaa kwenye folda moja. Huo peke yake ni usiku wa mtu.

Kitu kingine ambacho hakuna mtu alinifundisha, nilikuja kukielewa baada ya kuumia: maktaba inatafutwa mara mbili. Mara ya kwanza ni wakati wa kuunganisha, linka inauliza hii kazi iko kwa nani, we unaionyesha folda. Mara ya pili ni wakati wa kuendesha programu, hiyo inaweza kuwa wiki mbili baadaye, kwenye terminali nyingine, na mfumo unatafuta upya kabisa kwa njia zake, kwenye LD_LIBRARY_PATH, yaani orodha ya folda uliyoiwekea terminali yako, au kwenye anwani iliyochorwa ndani ya programu yenyewe. Kwa hiyo unaweza kukompaili vizuri bila kosa hata moja, ukalala ukifurahi, asubuhi programu inakataa kuamka. Au mbaya zaidi inaamka ikiwa imeshika maktaba nyingine yenye jina lilelile, na hapo majibu yanakuja, ila sasa ni majibu ya nani?

Nenda Kiseka pale, soko la vipuri vya magari hapa Kampala, utaelewa haraka. Unapata injini nzima kabisa, unapata giaboksi nzima kabisa, zote za Toyota, zote zinang'aa, ukizileta kwa fundi anakwambia ssebo (bwana) hizi haziingiani, matundu ya bolti yamepishana. Hakuna kipande kibovu. Ubovu uko katikati ya vipande. Programu za sayansi ni hivyo hivyo. Ile libgfortran.so.3 ni maktaba inayokuja na kompaila ya Fortran, na hiyo 3 ni alama ya kompaila za GCC za zamani, ilipofika GCC 7 namba ikawa 4, kuanzia GCC 8 ikawa 5. Kwa hiyo netCDF ya kwenye flashi ilikompailiwa na GCC kuukuu, huyu kijana ana GCC mpya, netCDF inaita mjomba ambaye alishahama. Na Fortran ina wivu zaidi ya C, ile faili ya .mod anayoitoa kompaila mmoja kompaila mwingine hawezi kuisoma, hata kama mafaili yote yalianza na maandishi yaleyale.

Basi mtu anauliza, si nitumie apt, kisakinishi cha Linux ya Ubuntu, niondokane na hii vurugu? Swali zuri, na kwa laptopu yako ya nyumbani mara nyingi jibu ni ndio. Lakini kwenye seva ya watu wengi huna ruhusa ya msimamizi, na hata msimamizi mwenyewe hawezi kukuwekea matoleo matatu tofauti ya kitu kimoja kwa apt, inaweka moja. We unataka toleo jipya, mwenzako anamalizia tasnifu aliyoanza na toleo la zamani, ukimbadilishia katikati ya kazi atakuja ofisini. Kuna na jambo la kasi. Paketi za kawaida za Ubuntu zinatengenezwa ziende kwenye kila prosesa ya 64-biti hata ya zamani sana, kwa hiyo maguvu yaliyokuja baadaye, kama AVX2 ambayo Intel walianza nayo 2013, mara nyingi hayatumiki. Si kila mahali, OpenBLAS kwa mfano, maktaba ya hesabu, inajua kuchungulia prosesa na kuchagua njia yenyewe. Ila GROMACS, ile ya kuiga mwendo wa protini, itakwambia yenyewe kwenye logi kwamba imetengenezwa kwa prosesa dhaifu kuliko uliyonayo. Na kama jenereta ndo inaendesha seva na dizeli unaijua bei, hiyo tofauti utaisikia mfukoni.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, mfumo wa kujenga. Hapa ndo mkanganyiko mkubwa uko, kwa sababu watu wanaita vitu viwili jina moja.

Fikiria mtu anajenga nyumba kule Kira. Kuna mafundi, wa matofali, wa umeme, wa mabomba, kila mmoja anajua kazi yake na ana tabia zake. Alafu kuna foromani. Foromani hashiki mwiko, lakini anajua mabomba yanapita kabla ya plasta, anajua simenti ni ya aina gani, na ameandika kwenye daftari.

Make ni fundi. Iliandikwa na Stuart Feldman pale Bell Labs 1976, na wazo lake ni dogo mpaka linachekesha: angalia saa ya faili, kama maandishi ni mapya kuliko matokeo basi kompaili tena, kama si mapya acha. Ndo hiyo tu. Ile adhabu ya kwamba lazima uanze mstari kwa tabo na si nafasi, Feldman alieleza mwenyewe kwamba alipogundua kasoro tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili hivi na hakutaka kuwasumbua, kwa hiyo dunia nzima imesumbuka kwa niaba yao. Na kwa kuwa Make inaamini saa, kuna ugonjwa wake ambao sisi wa umeme wa kukatika tunaujua: betri ndogo ya kwenye bodi ya kompyuta ikifa, umeme ukirudi saa inarudi miaka ya nyuma, Make inakuta mafaili yametoka kesho, inaanza kulalamika kuhusu saa na kujenga vitu ambavyo havihitaji kujengwa. Nimeshamaliza asubuhi nzima natafuta kosa kwenye kodi kumbe ni betri ya kununua hapo mjini.

CMake, kutoka Kitware, ni fundi mwingine anayeandika kazi ya kumpa Make, na ile ./configure unayoiona kila mahali ni wa kizazi cha kabla yake, anapima mashine yako kwanza, una hiki? una kile? Hao wote ni mafundi wa paketi moja. HDF5 ana wake, OpenMPI, moja ya hizo MPI, ana wake, WRF ana wake wa ajabu kabisa anayetaka uwe na csh, programu ya zamani ya kusomea amri, na anayekuuliza uchague namba kutoka kwenye orodha ndefu. Hakuna hata mmoja kati yao anayejua habari za wenzake. Kwa hiyo miaka yote foromani alikuwa ni we mwenyewe, na daftari lilikuwa kichwa chako, na ulipopata kazi kwingine ukaondoka na daftari.

EasyBuild na Spack ndo maforomani. EasyBuild ilianzia chuo kikuu cha Ghent, Ubelgiji, 2009, kwa watu wa hapo waliochoka kusakinisha vitu hivyohivyo kwa mikono kwenye klasta yao, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja, wakaiachia watu wote 2012. Haikompaili kitu yenyewe. Inasoma resipe, faili dogo la Python lenye jina la programu, toleo, anwani ya kushushia maandishi, alama ya kuhakikisha faili halijaharibika, vitegemezi vyake, na hiki ndo cha muhimu, inatumia seti gani ya zana. Seti maarufu inaitwa foss na inatolewa kwa mwaka na herufi, mfano foss-2023a ni GCC 12.3.0, OpenMPI 4.1.5, pamoja na maktaba za hesabu, FlexiBLAS, FFTW na ScaLAPACK, za matoleo yaliyotajwa kabisa. Ukisema foss-2023a umemaliza, kila mtu duniani anayeitumia ana vipande vilevile. Ukikuta resipe inaitwa netCDF-Fortran-4.6.1-gompi-2023a.eb, jina lenyewe limeshakusimulia: toleo hili, kwa GCC na OpenMPI za seti ya 2023a. Kiseka ingekuwa na lebo kama hizo tungeokoa ndoa nyingi.

Unaandika

eb netCDF-Fortran-4.6.1-gompi-2023a.eb --robot

na inaanza kutembea kwenye ukoo wote, zlib kwanza, HDF5, netCDF ya C, kila mmoja kwa kompaila ileile. Kabla ya hapo weka -D badala ya --robot, inakuonyesha orodha nzima bila kujenga kitu, penye x pamekwisha, penye mabano matupu bado. Usishtuke ukiona orodha ni ndefu na kwamba GCC yenyewe imo ndani. Ndio, inajenga kompaila kwanza kwa kompaila ya mfumo, alafu GCC kwa desturi yake inajijenga mara tatu, ya pili na ya tatu zinalinganishwa zione kama zimefanana. Kwenye mashine ndogo hiyo ni kazi ya masaa, nenda kale rolex yako, ile chapati ya mayai, Wandegeya urudi, utaikuta bado.

Ikimaliza kila paketi inapimwa kidogo, mafaili yaliyotarajiwa yapo? afu inaandikiwa moduli. Moduli ni karatasi ya maelekezo kwa terminali yako, ukisema module load netCDF-Fortran inapanga njia zote, ukiitoa inapangua. Kila toleo liko kwenye folda lake, hakuna anayemkanyaga mwenzie, yule wa tasnifu anabaki na lake la zamani mpaka siku ya joho. Programu inayosimamia hizo moduli sehemu nyingi ni Lmod, ilitoka TACC kule Texas, na uzuri wake inakataa kukuachia matoleo mawili ya kitu kimoja yapakiwe pamoja. Lile tatizo la kutafuta mara mbili niliyolitaja juu, dawa yake kubwa iko hapa.

Ila mi ninachokithamini zaidi kwenye hizi resipe si uotomatiki, ni kwamba zimebeba maumivu ya watu wengine. Nitoe mfano mmoja. GCC ilipofika toleo la 10, kompaila ya Fortran ikawa mkali, mahali ambapo kodi ya zamani inaita kazi moja kwa aina tofauti za namba, zamani ilikuwa onyo, sasa ni kosa na kazi inasimama. Kodi za miaka ya themanini na tisini zimejaa hiyo tabia. Dawa ni kuongeza -fallow-argument-mismatch. Ukijua ni sekunde kumi. Usipojua unaanza kurekebisha kodi ya watu, mstari kwa mstari, na unaweza kuharibu hesabu bila kujua. Kwenye resipe mtu alishakutana nalo, akaandika, we hata hutajua palikuwa na shimo.

Intaneti nayo tuongee ukweli. Hii kitu inashusha maandishi ya paketi moja moja kutoka kila kona ya dunia, na ukiwa na bandili ya simu itakufa katikati. Kama uko chuoni, wengi wameunganishwa kupitia RENU, mtandao wa vyuo na utafiti Uganda, fanya kazi ya kushusha usiku kwa kuongeza --fetch kwenye ile amri ya --robot, inashusha kila kitu bila kujenga, afu ujenzi wenyewe unaweza kuufanya hata intaneti ikiwa imezima. Hilo folda la maandishi litunze kama hati ya kiwanja, kopi kwenye diski ya nje, mwenzako wa Mbarara au Gulu akihitaji unampa diski. Maandishi kwenye flashi ni sawa, kilichomuua huyu kijana ni kubeba vilivyokwisha kompailiwa. Na ile alama ya kuhakikisha faili usiizime hata siku moja. Nilishawahi kupata kosa kwamba faili la HDF5 si gzip, nikazunguka weee, kumbe Wi-Fi ilikuwa imenitoa na nilichoshusha ni ukurasa wa kuingiza paswedi, umehifadhiwa kwa jina la hdf5.tar.gz. Alama ingeniambia mara moja kama nisingekuwa nimeizima kwa haraka zangu.

Mengine mawili yanayoua watu. Moja ni RAM: ukiandika make -j bila namba, Make inaachilia kazi zote kwa pamoja, mashine ya giga nane inajaa, mfumo unachagua mtu wa kumchinja na we unaona neno moja tu, Killed. Weka namba, mbili au nne. La pili ni la seva za mchanganyiko, zile za msaada zilizokuja mbili mpya na tatu kuukuu. EasyBuild kwa kawaida inakompaili kwa prosesa ya mashine inayojengea, kwa hiyo ukijenga kwenye mpya afu kazi ikaangukia kuukuu inakufa na Illegal instruction, bila maelezo mengine. Jenga kwa --optarch=GENERIC upoteze kasi kidogo, au jenga mara mbili kwenye folda mbili. Mi najenga mara mbili, diski ni rahisi kuliko kujibu simu.

Na Spack je? Ilianzishwa na Todd Gamblin pale Lawrence Livermore, Marekani, 2013, na falsafa yake ni tofauti. EasyBuild inakupa sahani iliyokwisha pimwa, Spack inakupa jiko. Unaandika spack install hdf5+mpi %gcc, unasema nataka yenye MPI, kwa GCC, na yaliyobaki inayatatua yenyewe kama fumbo la hesabu, mwisho kila mchanganyiko unapata alama yake ya kipekee. Kama we ni mtunzi wa kodi unataka kujaribu kodi yako na MPI tatu tofauti, chukua Spack bila kufikiri. Kama we ni mtu mmoja unatunza seva ya idara na hapo hapo unafundisha na kusahihisha mitihani, mi nasema EasyBuild, kwa sababu ule mchanganyiko kuna mtu aliujaribu kabla yako. Wapo watakaonibishia, sawa tu.

Na kwa watu wa jenomu, wale wa Entebbe na kwingine wanaopanga DNA za virusi, kama unachotaka ni samtools na minimap2 kwenye laptopu, tumia conda na Bioconda ulale mapema. Zimekompailiwa tayari na kazi hizo nyingi zinakwamia kwenye diski kuliko kwenye prosesa. Hakuna anayekupa medali kwa kujenga kila kitu mwenyewe. Utahitaji foromani siku MPI itakapoingia, siku utakapohama kutoka laptopu kwenda klasta.

Tukirudi kwa kijana wetu. Nilimwambia futa kila kitu, hasa ile ya flashi, na LD_LIBRARY_PATH zote alizopachika kwenye .bashrc, faili linalosomwa kila terminali ikifunguka, alikuwa nazo saba, nyingine zinaelekeza kwenye folda ambazo hazipo. Akaanza upya na EasyBuild saa tano na nusu usiku, nikamwambia ukiona kosa usisome la mwisho, panda juu utafute la kwanza, hayo mengine ni mwangwi. Saa tisa umeme ukaenda mtaani kwao. Asubuhi akanipigia, sauti ya msiba, mwalimu imekufa katikati. Nikamwambia andika -D tu. Kimya kidogo, nasikia anabonyeza. "Aaa, GCC ina x. OpenMPI ina x. Hadi zlib." Kilichokuwa kimekatika ni HDF5 peke yake. Akarudisha ile amri ya jana kama ilivyo, akaenda kuoga.